Karatasi Zinabaki Mlangoni

Mjinga wa siku ile alikuwa Rula. Tusizunguke wala tusimtafute mwingine wa kumbebesha. Hata mwenyewe, ukimkuta leo na kikombe chake mkononi, atakuambia huku anacheka kwamba siku ile ujinga ulimkaa sawasawa, kama koti lililopimwa na fundi.

Kilichomuumbua ni chai. Alipiga funda refu la asubuhi, macho yakamtoka, akakimbilia dirishani kutema. Iliyobaki ikampanda puani, na pua yenyewe si ya mchezo: ni ile pua pana ya babu yake mzaa mama, pua inayotangulia kuingia chumbani, mwenyewe akafuata.

"Umetia nini humu?" aliuliza alipopata pumzi.

"Sukari," mkewe alijibu, akikoroga kikombe chake taratibu bila kukigusisha mdomoni. "Au chumvi. Mimi nitajuaje, na makopo yote umeyabandua karatasi?"

Kweli aliyabandua. Kwa wiki kadhaa Rula alikuwa akiifuta nyumba yake maandishi. Kalenda aliigeuza ikatazama ukuta. Vitabu aliviweka rafuni migongo ndani, vikasimama kama watoto waliopewa adhabu. Gazeti lilipigwa marufuku kuvuka kizingiti, sabuni ikavuliwa boksi lake. Chupa ya dawa ya kikohozi tu ndiyo iliyopona, na hiyo ni kwa sababu mama yake aliilalia.

Sababu ya vurugu yote hii ilikuwa moja. Rula alikuwa anachora herufi. Si herufi za kibao kimoja au bango la mtu, bali familia nzima ya herufi, kubwa na ndogo, pamoja na nukta na mikato, za kuchapia kitabu. Naye aliapa kwamba wakati wa kuchora hataangalia herufi ya mtu mwingine hata moja.

"Zitatoka kwangu," alisema, akifuta mdomo. "Sitaki jicho langu liokote kitu cha mtu."

"Na mimi sitaki figo zangu ziokote chumvi ya jikoni nzima," mkewe alisema, akasukuma kikombe pembeni.

Rula masikio yakamwaka moto. Hayo nayo ni ya kurithi: ni ya marehemu baba yake, yamesimama kila upande kama milango ya gari iliyosahauliwa wazi. Mkewe alipoyaona yamekuwa mekundu akajua mazungumzo yamekwisha.

Jina la Rula alipewa kazini, kwenye nyumba ya kuchapisha vitabu alikokuwa akipanga kurasa. Lilitokana na ile rula ya chuma iliyochungulia mfukoni mwa shati lake kila siku ya Mungu. Hata harusini kwake alikwenda nayo. Kabla ya hapo alikuwa mchora vibao. Jua lilimpiga juu ya ngazi, mvua ikamfutia kazi kabla rangi haijakauka, na wateja wakamkimbia. Siku moja alianguka na ndoo ya rangi nyekundu, watu wakamlilia wakidhani ndiyo basi tena. Yote hayo huyasimulia kwa kicheko.

Lipo moja tu ambalo hakulisimulia kwa kicheko. Akiwa bado kijana alimchorea kinyozi kibao, akajitahidi, watu wakasimama kutazama. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara akatoka nje, akapaza sauti mbele ya kadamnasi: huyu kijana mwizi, ameiba herufi zangu! Na kijana kweli alikuwa ameipenda K ya kibao cha mle dukani, jinsi ilivyotupa mguu mmoja mbele kama inapiga mpira, akaipa K yake mguu kama ule. Wakamlazimisha akwangue kibao chote palepale, huku watu wanapiga makofi. Rangi ilitoka. Lile neno halikutoka.

Tangu siku hiyo alikuwa akitembea mjini huku ameinamisha macho, asije akapenda herufi ya mtu.

Ndipo nyumba ya vitabu ikaamua kutoa kitabu kipya cha darasa la watu wazima, wale wanaojifunza kusoma ukubwani. Mhariri, mama mmoja mrefu mwenye kupandisha miwani kwenye paji la uso kisha akaitafuta meza nzima, alimwambia Rula waziwazi: "Herufi za kitabu cha zamani zinawatesa watu. Ukinichorea nzuri, nitazitumia. Ukishindwa nitarudi kwa zilezile."

Kwa Rula hiyo haikuwa kazi tu. Miongoni mwa watu wazima hao alikuwamo mama yake.

Mama alikwenda darasani kwa sababu ya simu. Dada yake wa mbali alikuwa akimwandikia ujumbe mrefu mrefu, na kila aliyemwomba amsomee alimtolea kitu kilekile. "Wananisomea salamu," alilalamika, "umbea wanauruka." Akaamua kusoma mwenyewe. Alijifunza herufi zote ubaoni, akazijua moja moja, lakini alipofika kwenye kitabu akakwama. Herufi za kitabu kile zilikuwa zimekonda kama zimetoka hospitali, zimebanana, na wino umezijaza matumbo. Siku moja akakifunga, akakiweka juu ya kabati.

"Mwanangu anachora zingine," aliwaambia wenzake. "Akimaliza nitarudi. Asipomaliza, nitakufa nasomewa salamu."

Basi Rula akajifungia, na makopo yakavuliwa nguo, na chai ikawa vile ilivyokuwa.

Alichora kwa rula na bikari. O yake ilikuwa duara kamili. Ukichomeka sindano katikati, ungezunguka usikosee hata unywele. Alichora n, akaipindua ikawa u. Alichora b, akaigeuza ikawa d, akaipindua ikawa p. Umbo moja, herufi tatu! Alisimama katikati ya chumba akajishika kiuno. "Sijawahi kuona mtu amefanya hivi," alijisemea, na kwa hilo hakudanganya, maana hakuwa amemwangalia mtu.

Siku ya kujaribu, ukurasa mmoja ulichapwa ukapelekwa darasani. Wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu na kidevu: mafundi cherehani, dereva wa lori, mama wawili watatu wa sokoni. Mama yake Rula alikuwa amekuja siku hiyo moja tu, kwa heshima ya mwanawe, akakaa mbele kabisa na kitambaa chake kizuri. Mhariri alisimama mlangoni.

Karatasi ziligawiwa. Kimya kikawa kirefu. Rula alikidhani ni cha kustaajabu.

Dereva alikuwa anahangaika na mstari wa kwanza, jasho linamtoka, mpaka jirani yake akamgusa bega akamwonyesha kwamba karatasi ameishika juu chini. Dereva akaigeuza, akaitazama, akamtazama jirani. "Mbona hakuna tofauti?" aliuliza kwa unyofu kabisa.

Darasa likaangua kicheko. Mama hakucheka. Alikuwa akifuata mstari kwa kidole, anarudi, anafuata tena.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "hawa wote mbona ni mtu mmoja? Hapa kasimama, hapa kageuka, hapa kajipindua kichwa chini. Nimsalimie yupi?"

"Ni tofauti, mama. Tazama vizuri."

"Natazama. Na huyu wa duara kanywea. Wenzake wamekanyaga sakafu, yeye kaning'inia."

"Hajanywea!" Rula akachomoa rula yake, akailaza kwenye karatasi mbele ya wote. "Nimepima. Ona. Urefu wake na wa wenzake ni sawasawa kabisa."

Mama aliitazama rula, akamtazama mwanawe, akaikunja ile karatasi polepole.

"Basi mpe rula asome."

Akanyanyuka, akasema kwaheri, akaenda zake nyumbani.

Kwenye varanda mhariri alimkuta Rula ameegemea ukuta. "Niambie," alimuuliza, "uliangalia kazi za nani kabla ya kuchora?"

"Sikuangalia ya mtu," Rula alijibu, na bado palikuwa na majivuno kidogo kwenye shingo.

"Inaonekana," mhariri akasema. Akashusha miwani yake akamtazama kwa huruma. "Mtambo wetu wa kuchapia utakuwa wazi mwisho wa mwezi. Ukiniletea kitu cha kusomeka, nachapa. Usiponiletea, unajua mwenyewe nitachapa kwa zipi. Nenda kwa Bi Wino."

Bi Wino nani hamjui? Yeyote aliyefungua gazeti au kukaa na karatasi ya mtihani akitetemeka amesoma herufi alizochora yeye. Alikuwa amestaafu, na vijana wa fani hiyo walimwogopa kama daktari wa meno. Rula alisema haendi. Alisema hivyo njiani, akasema tena mlangoni kwake.

Jioni ile simu ya mama iliita mlio wa ujumbe. Mkewe Rula akaichukua, akausoma kimoyomoyo, akatabasamu mahali fulani katikati, kisha akasema, "Dada yako anakusalimu, mama."

Mama alipokea simu yake. Akapandisha ujumbe kwa kidole, akapandisha, akapandisha. "Mrefu hivi," alisema kwa sauti ndogo, "salamu tu."

Wala la darasa hakuligusa. Kesho yake asubuhi Rula alikuwa kwenye ngazi za Bi Wino.

Bibi huyo aliishi ghorofani, juu ya duka la vioo, na meza yake ilikuwa kipande cha kioo kinene kilichowekewa taa chini yake. Mlangoni palikuwa na kapu pana la ukindu, tupu. Bi Wino mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, ana mafua, na leso ameishika kama silaha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Lete hiyo karatasi, usinisimulie kwanza."

Aliishika kwa mkono ulionyooka, mbali na macho. Akaigeuza juu chini. Akaitazama tena. "Dereva wako hakukosea," alisema, maana mhariri alikuwa ameshampigia simu. "Sasa simulia."

Rula alisimulia yote. Nia yake ilikuwa kusimulia nusu, lakini yule bibi alikuwa na kimya kinachomvuta mtu ulimi. Akasema habari ya kalenda na makopo, akafika hadi kwenye chai. Mwisho, bila kujua kwa nini, akasema habari ya kibao cha kinyozi na ile K.

Kwenye chai Bi Wino alicheka mpaka mafua yakamkaba. Kwenye K hakucheka.

"Yule mwenye duka," aliuliza, "alikuwa mchoraji?"

"Hapana. Alikuwa anauza misumari."

"Basi ile K haikuwa yake ya kukunyang'anya. Aliyekichora kibao hicho alimwangalia mtu, na huyo mtu naye alimwangalia mtu. Ungemkuta yeye mwenyewe pale, angeshuka ngazini akakuonyesha jinsi ya kuushika mguu usiteleze." Akapenga kamasi. "Ulifukuzwa na mwuza misumari, ukatukimbia sisi. Njoo hapa."

Ukutani palikuwa na fremu ndogo ndogo, kila moja na herufi moja ndani. Bi Wino alizipitia kwa kitambaa akizifuta vumbi, kama mtu anayewaosha wajukuu nyuso.

"Huyu alichonga herufi kwenye chuma, kwa mkono, kabla bibi yangu hajazaliwa. Huyu alichorea vibao vya barabara kuu, dereva asome akiwa mbio. Huyu mama alichora herufi za ratiba za treni, ndogo kama chawa, za kuchapwa kwenye karatasi mbovu. Sikumkuta hata mmoja hai. Kila asubuhi nawashukuru, kwa sababu wangeniacha nianze peke yangu, hata leo ningekuwa nahangaika na herufi a."

Aliwasha taa chini ya kioo. Akaweka o ya yule mchonga chuma, juu yake akaweka ile ya Rula, na mstari mwembamba chini ya zote mbili.

Rula aliinama. O ya mchonga chuma ilikuwa imevuka mstari. Kidogo tu, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Na juu vilevile ilikuwa imepanda kuliko wenzake.

"Alikosea?"

"Alikosea zamani, kama wewe. Akapima kama wewe, ikawa sawasawa kwa rula, ikanywea machoni. Tofauti yenu ni kwamba yeye aliyaamini macho. Akaishusha kidogo, akaipandisha kidogo, ikasimama na wenzake. Kisha akatuachia." Bi Wino akagonga kioo kwa ukucha. "Zawadi imewekwa mezani miaka yote hii, imeandaliwa, wewe umejifungia chumbani unakunywa chumvi."

Rula alikuwa anatazama ile o, na kitu fulani kilikuwa kinamlegea kifuani, kitu alichokibana tangu siku ya kinyozi. Mtu asiyemjua, aliyekufa zamani, alikuwa amehangaika na hangaiko lake hilohilo, tena akamwachia jibu bila kumuuliza jina.

"Ahsante," alisema. Hakujua anamwambia nani kati ya wale wawili.

Bi Wino akampa karatasi nyembamba, ile inayoonyesha kilicho chini yake. Akamwambia achore juu ya herufi za wale wazee, afuate kila mkunjo kwa penseli, na kila mkono wake utakapoona ajabu, ajiulize kwa nini. Rula alichora mpaka ikafika saa ya kwenda kazini. Alipoikunja karatasi kuitia mfukoni, bibi akasema, "Unapeleka wapi?"

"Nyumbani. Nikaitumie."

"Thubutu! Karatasi zinabaki mlangoni." Akaonyesha lile kapu.

"Sasa nitakumbukaje, Bibi?"

"Utakachokikumbuka ndicho ulichokielewa, na hicho ni chako. Utakachokisahau kilikuwa bado cha mwenyewe, njoo kesho umwombe tena."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi Rula alipanda ngazi, akachora juu ya wenzake, akatupa karatasi kapuni, akashuka mikono mitupu. Siku nyingine alifika nyumbani na mkunjo mzima kichwani. Siku nyingine alifika hana kitu, akarudi kuomba tena, na Bi Wino akamcheka. Yule wa barabara kuu alielewana naye haraka: l yake ilikuwa imepindisha mkia mdogo chini, isije ikafanana na I kubwa wala namba moja, basi, hakuna maneno mengi. Mama wa ratiba za treni ndiye aliyemsumbua. Kila pembe ambapo mistari miwili inakutana, herufi zake zilikuwa zimeng'olewa kijino. Rula alizichora asubuhi nyingi akidhani karatasi imeliwa na mende. Mpaka siku moja kazini, akiwa amesimama mbele ya mtambo, aliona wino unavyotanda kwenye karatasi ya bei poa, unakimbilia pembeni, unajaza. Akapiga kelele mafundi wakadhani kabanwa kidole. Kile kijino kilikuwa nafasi ya wino! Mama yule alijua karatasi yake ni mbovu, akaiachia pa kukosea.

Na kitabu cha watu wazima kilikuwa cha karatasi kama ile.

Alianza kuinua macho mjini. Alisimama mbele ya duka la dawa akaipenda g, akasimama mbele ya benki akaisikitikia s. Wapita njia walimsikia akikishukuru kibao cha fundi viatu kwa sauti, wakahamia upande wa pili wa barabara. Siku moja alipita kwa makusudi ile njia ya zamani. Duka la misumari lilikuwa limefungwa kitambo, kibao kimepauka, lakini K ilikuwa palepale, mguu mbele, inapiga mpira wake. Alisimama akaitazama mpaka akatosheka. Hakuna aliyemwita mwizi.

Nyumbani kalenda iligeuzwa uso, vitabu vikasamehewa. Na kwa kuwa makopo yalikuwa uchi kwa kosa lake, mkewe alimtaka ayavishe mwenyewe. Rula akaandika karatasi mpya kwa herufi zake mpya, kama zilivyokuwa zimefikia, akazibandika: sukari, chumvi, majani ya chai, unga. B na d sasa zilikuwa ndugu tu, si mtu mmoja: moja ilikuwa na kisigino, nyingine na mkia. U iliota mguu wake. Na k, bila aibu, ilitupa wake mbele.

Alasiri moja alirudi amechoka, mabega yamelegea, mkewe hayupo. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake na simu. Mezani palikuwa na birika na kikombe kimefunikwa kisahani. Rula akamimina, akanywa, akamimina tena. Kwenye kikombe cha pili ndipo aliposita.

Chai ilikuwa tamu. Tamu barabara.

Akageukia rafuni. Makopo yote yalikuwa sawa, ya bati moja, yamepangwa tofauti na asubuhi, maana mkewe alikuwa amefagia rafu hiyo mchana kabla ya kutoka.

"Mama. Nani kapika chai?"

"Kwani humu ndani kuna nani?"

"Sukari umeijuaje? Umeonja?"

Mama alimtazama kama aliyeulizwa anakanyagaje chini. "Nionje nini, na imeandikwa?" Akarudi kwenye simu yake, kidole kikitembea taratibu, mdomo ukitembea nacho. Baada ya muda akaguna. "Halafu mkeo ana maelezo ya kunipa. Huyu dada yangu hapa hakuniletea salamu. Kaniletea habari ya ndoa ya watu, tena kwa kirefu."

Rula alitoka nje akasimama barazani mpaka macho yakakauka.

Wiki ile mama alirudi darasani na kitambaa chake kizuri. Ukurasa wa pili wa majaribio ulisomwa mwanzo hadi mwisho. Dereva aliusoma mara mbili, karatasi ikiwa upande wake sahihi, akahakikisha. Lalamiko lilikuwa moja tu, nalo lilitoka kwa mama: kitabu kizima watu wanalima na kufagia, hakuna hata mmoja anayepumzika? Mhariri akaahidi kutafuta mtu wa kukaa chini.

Ilibaki sahihi ya mwisho. Mtambo ukiwa umeshakuwa wazi, mhariri alikuja nyumbani na kurasa zote, amemshika mkono Bi Wino aliyejifunga mtandio mpaka puani. Mama alichukua kurasa akaenda nazo dirishani. Mkewe Rula akaandaa chai, akaionja mbele ya wote kwa mbwembwe, watu wakacheka. Kisha mhariri akafungua ukurasa wa nyuma kabisa. Chini, kwa herufi zenyewe, palikuwa pameandikwa: *Herufi zimechorwa na*. Mbele yake palikuwa peupe.

"Andika jina lako," mhariri alisema, akimpa kalamu.

Rula aliishika kalamu, akaiweka mezani. "Siwezi."

"Umeumia mkono?"

"Si zangu. Nikiandika jina langu nitakuwa nasema nilizianza mimi. Waandike wenyewe: mchonga chuma, yule wa barabara kuu, mama wa treni. Na Bi Wino."

"Mimi usinitie," Bi Wino alisema kutoka ndani ya mtandio. "Zenye jina langu ninazo za kutosha, nyingine hata nazionea haya."

"Basi na mchoraji wa ile K. Hata jina simjui."

"Mstari ni mmoja," mhariri alisema, akipapasa meza kutafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. "Na mtambo unasubiri."

"Acha patupu."

"Patupu hapachapwi! Watu watadhani zimeokotwa."

"Bwana wewe," mkewe akaingilia, "mwanzo ulitunyima maandishi nyumba nzima kwa sababu herufi lazima ziwe zako. Leo zimetoka, unazikana. Sisi tukushike wapi?"

"Hamnielewi!" Rula alisimama, masikio yamewaka. "Tumbo la o ni la mchonga chuma. Mkia wa l ni wa yule wa barabara. Vijino vyote ni vya mama wa treni. Mguu wa k ni wa mtu nisiyemjua. Nawashukuru wote, lakini toa vya watu, changu hapo ni kipi? Nionyesheni kimoja!"

Bi Wino alifungua mdomo, akapiga chafya. Kule dirishani mama aliweka kidole kwenye mstari asiupoteze, akainua uso.

"Pua hiyo ni ya babu yako," alisema. "Masikio ni ya baba yako. Na huo ubishi ni wangu mtupu. Nilipokuzaa nilikupa jina, sikukurudisha kwa wenyewe. Andika."